Sukari ya Kwanza Bila Asahel

Harlan, Ohio
3 Februari 1851

Asahel, roho yangu,

U hali gani? Mimi mzima, ila kitanda ni kipana mno na theluji imefika dirishani. Ulipokuwa wakili tu, mahakama ilikurudisha jioni. Sasa umechaguliwa, na Bunge limekumeza bibi harusi wako hata hajakuzoea! Mama yako ananicheka: "Wee Lovina, utayatoboa mapazia kwa kuchungulia!" Acha acheke. Uliapa kwamba utomvu mtamu wa miti yetu ukianza kutiririka mwisho wa baridi, sukari ya kwanza tutaichemsha pamoja. Njoo.

Mkeo, Lovina


Columbus
10 Februari

Lovina wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nyama ya nyumba ya wageni inanimaliza meno. Kura za muswada wa reli zinakaribiana, chama hakiniruhusu kuondoka. Lakini hapa kuna desturi: wabunge wawili wa vyama vinavyopingana wakipeana mkono, huondoka wote, maana kura zao zingefutana. Bwana Pruitt wa upande wa pili naye anangojwa na mkewe. Kaniambia, "Wakili, hatujawahi kukubaliana jambo. Leo wake zetu wametupatanisha!" Tumepeana mkono. Naja kabla mwezi haujaisha.

Mumeo, Asahel


Harlan
15 Februari

Mpenzi, mpenzi, mpenzi!

Hujambo? Mimi si mzima, nina wazimu wa furaha! Nilimkumbatia mama yako akapiga kelele, "Niache, mimi si Asahel!" Masufuria yanang'aa. Mwambie Bwana Pruitt nampenda, mpinzani hivyo hivyo!

Mkeo anayehesabu kila mlio wa kwato barabarani


Columbus
22 Februari

Lovina,

Natumaini u mzima. Bwana Pruitt ameletewa habari: mkewe amekufa kwa homa, wameshamzika. Akanijia, kofia mkononi. "Niende nyumbani kwa nani, wakili? Heri nibaki nipige kura. Ila nilikupa mkono. Ukisema twende, nitakwenda."

Ningesema twende, ningekuwa njiani sasa. Nilishindwa. Akibaki yeye apige kura, nami sina budi kubaki nipige yangu, hadi bunge lifungwe. Jioni tunakula meza moja.

Nisamehe.

Mumeo


Harlan
2 Machi

Asahel wangu,

Salamu. Nilikasirika, nikalia, kisha nikaenda kuwasha moto. Mama yako hakunicheka. Alikoroga upande wako wa sufuria. Sukari imeungua kidogo, maana bado nilikuwa natazama barabara.

Nakutumia vipande viwili. Kikubwa ni cha Bwana Pruitt. Usimwache ale peke yake. Chako ni kidogo, na nimekiuma pembeni. Anzia hapo.

Mkeo, Lovina