Picha ya Mama Mwanaidi

Jumatatu, 2 Juni 1952
Nina miaka sabini na moja. Mjerumani nimemwona akiondoka. Nimezika kaka watatu na wapiga picha wote walionicheka. Mtoni nzima hakuna anayepiga kama mie. Leo maharusi. Jua mgongoni kwangu, watu katikati, kichwa hadi viatu. Mtu hakatwi pichani. Ukimkata miguu umemtakia mabaya.
Mke wangu hakula tena.

Jumatano, 4 Juni
Mama Mwanaidi anataka picha ya kumpelekea binti yetu aliyeko Lindi. Anasema Mwanaidi hatamkuta hai. Nimemkemea. Naogopa. Vioo vya kupigia picha vimebaki viwili, kioo kimoja picha moja, na mjini hakuna.

Alhamisi, 5 Juni
Hawezi kusimama. Mie na jirani, Bi Tausi, tumemkalisha mlangoni. Jua kali, anafinya macho. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, nimpate mzima na miguu yake iliyovimba. Bi Tausi ati nisogee karibu. Nikamwambia kapike.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeosha picha. Mlango umetoka vizuri mno. Nguzo ya baraza imemwota kichwani. Uso kama punje ya mtama. Kacheka hadi kakohoa.
"Baba Mwanaidi, umeupiga mlango! Mie ndo huyu sisimizi?"
Nikatoka nje nikalia. Miaka arobaini na kamera. Mjinga.

Jumamosi, 7 Juni
Kioo kimoja. Tangu asubuhi hajafumbua macho. Ee Mola, siku moja tu.
Bi Tausi: "Shemeji, mtoto anataka uso wa mamake. Miguu ya nini?"
Nimemfokea. Kisha nikaitoa tena ile picha ya mlango, nikautafuta uso.

Jumapili, 8 Juni
Kaamka. Sikumtoa nje. Kitanda tumekivuta kando ya dirisha, mwanga umpate ubavuni, laini. Bi Tausi kashika shuka nyeupe nyuma yake, pasionekane kitu kingine. Nikasogea mpaka nikasikia pumzi. Macho yake nikayaweka juu kidogo ya katikati. Nafasi nikaiacha upande anaotazama. Nikamkata kifuani.
"Usinitoe mzee kama wewe," akasema.
Nikafyatua.

Jumatano, 11 Juni
Tumemzika jana. Picha imetoka. Kila kunyanzi lipo. Anatazama nje kama anayetaka kusema neno. Nimeifunga kwa kitambaa, itapanda meli ya Lindi.
Asiyeamini kwamba nilimpiga picha akiwa hai, tena kwa mkono wangu huu, amwulize Bi Tausi, nyumba ya tatu toka kisimani. Alikuwapo.