Kinyonga kwenye kofia ya babu

Koku, acha kupika usome hii. Mama kanisimulia sasa hivi alivyoolewa, bado siamini.

Mwaka 1991, Kiruruma, baba alikuwa anafuga vinyonga. Vinyonga, Koku. Aliwajengea kibanda cha wavu barazani, ndani kapanda mibuni.

Babu akaja kukagua anakotaka kuolewa mama. Akaona kahawa imeiva, akapenyeza mkono achume tunda amumunye. Akashika kinyonga.

Na unajua kinyonga anavyoogopwa kwetu. Akampanda taratibu mpaka kwenye kofia. Baba akajua mke kashamkosa.

Babu hakukimbia. Alikitazama tu kile kibanda, kisha akauliza, "Kinyonga kajengewa hivi. Binti yangu utamjengea nini?"

Kesho yake baba akaanza kufyatua matofali.

Koku, ile nyumba uliyolala Krismasi tulijengewa na kinyonga.