Siku Jeep Nyeupe Ilitawanya Kalasi Yetu

Butembo, Alhamisi. Ukungu tangu asubuhi, baridi ya kuingia mu mifupa.

Sasa ndiyo unakuja? Umepotea siku mingi namna hii, hata salamu hapana, na leo, wewe musomaji wangu, unafungua haya maandiko kama mutu mwenye alitoka ku kisima tu. Sikuulizi ulikuwa wapi. Kaa. Lakini hapana karibu sana, ugonjwa ungali unatembea.

Mimi kalamu siijui, unajua hilo. Ninasema, binti yangu Kahindo anaandika, na nimemukataza kunisafishia maneno.

Leo nimetulia. Wiki iliyopita sikuwa hivi, na kama ungekuja ungenikuta na uso mwengine. Donc nitakuambia yote, juu haukuwa hapa.

Wakati Corona ilifunga masomo, batoto ba avenyu yetu balianza kuzunguka bure kama mbuzi bila kamba. Hapo mashule ya Leta, ya serikali, ya muji huu yalijiunga pamoja, banaita réseau, na badirecteur balikubaliana kwamba walimu batawafuata batoto kwao. Kila avenyu itoe parsele moja. Mwalimu apite kila siku, asubuhi huku, muchana kule. Batoto banawe mikono ku lango, bavae cache-nez ya kufunika pua na mudomo, bakae mbali-mbali. Na sheria moja juu ya zote: kila mutoto wa avenyu eko na nafasi. Mwenye alizaliwa hapa na mwenye alikimbia vita ku Beni juzi. Mwenye eko na uniforme na mwenye hana. Mwenye alikuwa anasoma na mwenye hajawahi kukanyaga kalasi.

Niliposikia ile sheria nilisema bachukue parsele yangu. Bamama fulani balicheka, ati mukaka, ni kusema bibi kizee, mwenye hajui hata jina lake likiandikwa, leo anafungua masomo.

Acha bacheke.

Nilikuwa mudogo wakati Uhuru ulikuja. Ninakumbuka ngoma na nyama ya mbuzi, mengine sikuelewa. Baba alisema nitaingia kalasi ya kwanza, na mama akanishonea kanzu ya bluu. Halafu barebelle baliingia mu muji. Masomo ikawa kambi, basoda bakachoma banc zake kwa kupika bukari. Sisi tukakimbilia mashamba, upande wa Vuhovi. Vita ilipotulia nilirudi na kanzu yangu, ilikuwa imepanda juu ya magoti. Mwalimu akaniangalia, akasema nimeisha kuwa mukubwa, niende nimusaidie mama.

Hakunipiga. Hakunitukana. Nilirudi nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa masomo yangu.

Tangu pale vita zingine zimepita hapa, zingine zingali zinapita, siwezi kukupangia zote. Mais kila mara banasema masomo imefungwa, mimi naangalia batoto na kujiuliza: nani kati yao hatarudi?

Hii mara nilijua ni nani. Ni Masika.

Masika eko na miaka kama kumi. Alikuja na mama yake na shangazi yake, balikimbia kutoka upande wa Oicha bakiwa na nguo za mwilini tu. Bakafika kwetu, bakapumua, halafu Ebola ikabakuta hapa hapa. Mama alikufia ku centre, kule bagonjwa ba Ebola balifungiwa. Masika alitoka muzima. Alipona, alipona kabisa, narudia juu kuko batu benye masikio yao yamefungwa. Shangazi anauza sombe, majani ya mihogo, ku soko na ndiye anamulea.

Tangu atoke kule, batu banamuzunguka kama shimo la njia. Ku bomba ya maji banamuachia nafasi kubwa kama ya chifu. Batoto bakiruka kamba, yeye anapewa kuzungusha tu, kuruka hapana. Ku masomo, mbele Corona haijafika, alikaliaga banc ya nyuma, peke yake.

Siku ya kwanza ku parsele yangu kila mutoto alitandika gunia lake, mbali na mwenzake, metre moja-moja, namna Mwalimu alipima. Masika akaketi. Akaangalia kuume, akaangalia kushoto. Bote balikuwa peke yao. Nikaona macho yake juu ya cache-nez yakicheka.

Corona ilimufanyia ile yenye sisi, batu ba misa ya kila Siku ya Mungu, tulishindwa kumufanyia.

Nililiwaza hilo neno siku mingi. Halikunipendeza.

Basi, wiki iliyopita, Jumatatu, Mama Kavira akafika. Ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia, anakaanga mandazi, batoto bake babili banasomea kwangu. Hakuingia. Alisimama ku lango na bamama bengine nyuma yake, akasema Masika atoke, ao batoto bake batatoka. Mimi nikamujibu kwamba kama anaogopa hivyo abafungie mu sanduku. Hayo hayakuwa maneno ya kutuliza mutu. Ndivyo niko, Mungu aliniumba bila kifuniko.

Mwalimu Kabeya alisikia habari. Ni kijana muzuri, anatoka Kasai, Leta ilimutuma huku mwaka huu tu. Baridi yetu inamuonea, anavaa makoti mawili, batoto banamuita Mwalimu Blanketi na yeye anaitika. Aliniambia nisihangaike, ataleta batu ba afya baeleze bamama kwamba mutoto hana ugonjwa tena. Nikaona ni wazo zuri. Sikumuuliza batakuja namna gani.

Balikuja na jeep nyeupe.

Wewe wa hapa umeisha kuelewa. Wewe wa mbali, sikia: wakati wa Ebola, jeep nyeupe ikisimama mbele ya parsele, kuko mutu anachukuliwa, na bengi benye balichukuliwa habakurudi. Hata mutoto mwenye hajui kusema vizuri alijua ile sauti ya motere. Mwalimu Kabeya alifika Butembo wakati mambo yamepoa. Nani angemuambia? Alikuwa amekaa mbele, karibu na shofere, anatupungia mukono, furaha yote.

Batoto balitawanyika. Bengine balipenya mu mikalitusi, bengine balikanyaga vitunguu vyangu, sandale zikabakia kila mahali. Ng'ambo nikasikia milango inafungwa, mumoja kisha mwengine, mupaka mwisho wa avenyu.

Masika peke yake hakukimbia. Alikunja gunia lake vizuri, akaliweka ku ukuta, akasimama, mikono chini.

"Mukaka," akaniuliza, sauti ndogo, "ninaweza kumuaga shangazi mbele habajanichukua?"

Nilimukamata, nikamuingiza mu kitenge changu. Ile metre ya Mwalimu sikuikumbuka.

Mwalimu alishuka, akatuona, akaelewa bila mutu kumuambia. Alirudisha jeep mbio. Halafu akakaa chini mu udongo na makoti yake mawili.

"Koko," akaniita, ile neno lake la mukaka, "nimeharibu."

Nikamuambia ndiyo, ameharibu, na anywe bouillie ya unga wa mahindi ingali moto.

Kesho yake Masika alikuja peke yake. Mwalimu alimufundisha fractions, hesabu ya vipande, akakata parachichi kwa kisu kumuonyesha, akasema kwa sauti ya kalasi yenye kujaa. Mimi nilikuwa nachagua maharagi pale pembeni na roho inaniuma. Mutoto alikuwa amerudia kukaa peke yake, na hii mara ni mu parsele yangu.

Siku ingine shangazi akaja. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Alisema afazali Masika amusaidie ku soko, kuko bamama bengi kule na hakuna mwenye anamujua mutoto. Nilijua maana yake. Mutoto akianza kufunga mafungu ya sombe, nani atamurudisha mu kalasi? Nikamuomba shangazi aniachie Masika mupaka Siku ya Mungu. Akakubali, lakini niliona haamini.

Niliwaza sana mambo ya Mama Kavira. Kumueleza ugonjwa siwezi, mimi najua nini ya ugonjwa? Lakini najua kilio. Huku kwetu mutu akifiwa tunaenda. Tunapeleka kuni na maji, tunakaa naye chini, tunataja jina la marehemu, hata tabia zake mbaya tunazitaja, tunalia, tunacheka, tunalia tena. Mupaka ile kitu ishuke.

Ndugu ya Mama Kavira, Kambale, alikufia ku centre. Batu ba riposte, benye balitumwa kupigana na Ebola, balimuzika siku ile ile mu mufuko mweupe, dada yake akaangalia kutoka mbali. Kukusanyika kulikatazwa. Hakuna mutu alikaa naye. Kesho akakaanga mandazi, na tangu pale anakaanga.

Donc nilichukua kiti changu kidogo na fungu la kuni. Nikavuka njia, nikaketi ku lango lake, mbali kidogo, cache-nez ku uso. Akauliza ninataka nini. Nikasema nimekuja ku kilio cha Kambale. Akasema imepita mwaka. Nikasema najua.

Akaendelea kuosha sufuria. Aliosha ile sufuria moja wakati murefu. Halafu akaiacha.

"Mukaka, sijui hata alisema nini kule. Sijui kama alikunywa maji. Balinionyesha shimo tu."

Pale ndipo niliona kitu. Kila mara Masika anapita njiani, huyu mama anaona mutu mwenye aliingia pahali pamoja na ndugu yake na akatoka. Yeye alitoka, Kambale hapana. Nani angevumilia kumuangalia kila siku?

Nikamuuliza kama naweza kumuita mutoto. Akapanguza mikono ku kitenge chake. Kisha akasema aje, lakini asimame pale ku mupapai.

Masika akaja, akasimama ku mupapai. Nikamuuliza kama kule ndani alimuona mutu anaitwa Kambale. Akasema kule bakambale balikuwa bengi, na ni kweli, huku kwetu kila mwanaume wa pili kuzaliwa ni Kambale. Halafu akafikiri. Akasema kulikuwa mumoja ng'ambo ya ukuta wake wa plastiki, ile ya kuonekana ndani, murefu, kila asubuhi anarudisha bouillie na kuwaambia bainfirmiers benye kumutunza kwamba bila sukari hata mbuzi angekataa. Bainfirmiers banacheka. Na yeye Masika, wakati hakutaka kula, yule mwanaume alimugongea ku plastiki akamuonyesha: kula, kula.

"Asubuhi moja hakulalamika tena," akasema Masika. "Lakini mama, sijui kama ni yeye. Sitaki kukudanganya."

Mama Kavira alikuwa ameshika mudomo. Akaniambia kwamba Kambale alitiaga sukari hata mu maharagi, mama yao alimupigia ile. Akaanza kucheka. Nilijua kicheko kitageuka, na kikageuka. Akakaa chini, akalia kilio cha mwaka.

"Ni yeye," akasema. "Na kama si yeye, inatosha."

Masika alitoka ku mupapai, hakuna mutu alimuita. Akaenda kuchochea moto na zile kuni zangu, akateleka maji. Bamama bakasikia kilio, bakatoka mumoja mumoja na viti vyao. Tukakaa mbali-mbali, tukamutaja Kambale mupaka mvua ya mangaribi ikatufukuza.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Kesho yake, kisha misa, shangazi alipita kwangu. Hakusema mambo ya soko. Aliacha fungu la sombe ku mulango, akaenda.

Sitakuambia kwamba mambo yote yametengenea, juu hayajatengenea. Kuko mama moja wa kioski, angali anabafungia batoto bake. Kesho nitachukua kiti changu niende kwake pia, sijui bado yeye alipoteza nini. Lakini leo kalasi ilijaa nusu, na ni nusu nzuri. Mwalimu alikuja na miguu. Binti mukubwa wa Mama Kavira alivuta gunia lake karibu na la Masika, Mwalimu akalirudisha metre yake, akageuza mugongo, nikaona gunia linavutwa tena. Nilijifanya kuangalia maharagi.

Banasema masomo itafunguliwa, siku haijajulikana. Pale ndipo nitaogopa tena. Banc zitarudi, na nani atakaa na nani? Mama Kavira ameniahidi binti yake atakaa na Masika. Ninamuamini nusu. Ile asubuhi nitaenda mimi mwenyewe, nisimame ku dirisha la kalasi mupaka nimuone ameketi katikati ya benzake. Bakinifukuza, batanikuta pale pale kesho yake.

Na wewe, usingoje mwaka mwengine. Ukifika, usimuulize Masika habari ya centre. Kila mugeni anamuuliza ile, anajibu kwa adabu, kisha siku nzima hasemi. Chukua gunia, keti mbele yake, muambie fractions zinakushinda. Utamuona namna atakugombeza.