Simu ya Siku ya Mwisho ya Usajili

Baba mpendwa,

Kabla hata ya salamu: kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu Gerlinde, si padri kwenye kitubio, na kwa padri nimepiga magoti mara tatu nikaishia kutaja uvivu. Nitakuambia wewe. Ila niache nianze kwa adabu.

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta salama hapo gereji, hatua ishirini kutoka mezani kwangu. Goti linaendeleaje? Asubuhi nilikuona ukishuka ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi, kisha nikaumia. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama na chakula hakipiti. Nakuandikia kwa sababu nikisimama mbele yako ulimi unakufa. Na nakuandikia kwa Kiitaliano chako, maana Kijerumani cha shule ya hapa hakinifikishi huku.

Leo saa kumi Babu Alois anakuja na mkataba wa kazi kwenye ghala lake la matufaha. Ukitia saini, mpira basi. Jana pale baa ulilisimulia kama kichekesho: misimu kumi na sita, timu kumi na moja, umekopeshwa kuliko ngazi ya jirani. Mzee Ottavio akakuuliza Serie B, daraja la pili, ulicheza mechi ngapi, ukasema tisa, hata vidole havijatimia. Akakuambia basi nenda ukayakabe matufaha, hayo hayapigi chenga. Ukacheka kuliko wote, lakini nilikuwa upande wako wa kulia na nikaliona sikio lako lilivyoiva kwa wekundu. Njiani ukaniambia kwamba si goti linalokustaafisha. Ungecheza hata kwa mguu mmoja. Ni simu. Ukasema tangu ufikishe miaka thelathini na mitatu haijalia hata mara moja, na beki asiyeuliziwa na mtu ajue keshasahauliwa.

Baba, ililia.

Ilikuwa siku ya mwisho ya usajili, Januari. Unajua tunavyoishi mwezi ule. Mama hafungui maboksi hadi soko la wachezaji lifungwe, kwa sababu mwaka ule tulipohamia Pistoia tuliyafungua Jumatatu, Jumatano tukayafunga tena. Tangu asubuhi ulikuwa unaizunguka simu, ukimfokea kila aliyeikaribia. Saa tisa Mama akachoka, akakufukuza ukalete mkate, akasema mtu mzima unazunguka meza kama kuku aliyepoteza yai. Hukuchukua hata dakika kumi, na ndani ya hizo simu ikalia, nikaipokea mimi.

Mtu alijitambulisha kuwa mkurugenzi wa timu ya Serie B, kule Calabria, kusini kabisa mwa nchi. Beki wao wa kati kavunjika mguu, wanamtaka Zanovello, yaani wewe, tena si kwa mkopo: mkataba wa mwaka na nusu. Akauliza mimi ni nani. Nikasema binti yake. Akacheka, akasema haya mwanangu, mwambie baba afunge mabegi, leo leo mpande treni.

Nikayatazama maboksi. Ilikuwa shule yangu ya saba, Baba. Katika zile sita nilikula mkate wangu chooni wakati wa mapumziko, nanyi nikawaambia nina marafiki. Hata hapa walinicheka matamshi yangu, mpaka siku Gerlinde alipoweka begi lake kwenye kiti cha pembeni yake na kuwaambia wengine kina mwenyewe. Mwenyewe nilikuwa mimi. Simu ile ilikuja wiki tatu baadaye.

Nikamwambia yule bwana kwamba umeshaacha mpira. Nilisema bila kigugumizi, mimi ambaye mwalimu akiniita natokwa jasho. Kisha akasema ni hasara, kwamba aliwahi kucheza dhidi yako na bado ana alama ya njumu zako kwenye ugoko. Akanipa namba yake, endapo utabadili mawazo hata majira ya joto. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Ukarudi na mkate, ukauliza kama imelia. Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Saa mbili usiku soko lilipofungwa Mama akafungua maboksi huku akiimba, nawe ukaenda kuosha njumu zilizokuwa safi. Tangu hapo simu ikilia natoka nje, hata kama kuna theluji.

Sijui kama bado wanakutaka. Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu usitie saini ukiamini umesahauliwa.

Nawaombea afya, wewe na Mama. Yeye mweleze wewe, mimi sitaweza.

Ni mimi mwanao ninayekupenda na kukuogopa,
Verena

Babu Alois amefika mapema. Namsikia jikoni akilalamika kwamba nyumba nzima haina kalamu inayoandika. Mama anasema Verena anayo. Sasa ni hatua zako kwenye ngazi, nazijua. Mkono wangu wa kushoto, bila kuuamuru, umeshaufunika ukurasa, kama kawaida yake. Unabisha hodi. Baba, ukiomba kalamu, nitakupa karatasi kwanza.