Kijiti cha Oili na Uwanja wa Kigango

Mjomba,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe, na sasa nimekaa nangoja lile jibu lako la "marahaba, umepima oili?" Miaka tisa ulinijibu hivyo, asubuhi kwa asubuhi, sikumbuki hata siku moja uliyoniuliza kwanza kama nimelala salama. Leo nakuandikia habari za oili hiyohiyo, kwa hiyo kaa vizuri.

Gari lako lipo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeulizia kabla ya wanangu. Bado nateremsha mahindi na maharage kutoka huku milimani, na kule ziwani napakia usipa, wale dagaa wa ziwa letu, napandisha nao Mbinga. Wanangu nao hawajambo, ahsante kwa kuuliza.

Ila gari lilitaka kufa, mjomba, na lilitaka kufa mikononi mwangu.

Baada ya matanga yako wazee wa ukoo walikaa kikao. Kandida, binti yako, alisema wazi kwamba gari nibaki nalo mimi, niliyeshika spana pamoja na wewe miaka yote hiyo. Wazee wakakubali nusu. Walisema nitalitumia hadi msimu wa kahawa uishe ndipo waamue, lakini likiharibika kabla ya hapo linauzwa chuma chakavu, maana mwanamke hawezi kutunza injini ya kizee namna ile. Niliitikia "sawa, wazee wangu" kwa sauti nzuri kabisa. Moyoni nilikuwa nimekasirika, na nilikukumbuka, kwa sababu wewe ungesimama ukawaambia waniache.

Basi nikaamua sitawapa nafasi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha nilifungua boneti palepale nyumbani, nikatoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakitoa tena. Imejaa. Kesho yake, imejaa. Nikajisifu kwamba gari halili oili tangu nilishike mimi. Taa ya oili kwenye dashibodi ilikufa siku nyingi, unajua mwenyewe, kwa hiyo kijiti ndicho kilikuwa jicho langu.

Baridi ilipoanza nikasikia mlio. Nilikuwa napandisha kutoka ziwani na mzigo, na kwenye injini kukawa na tik-tik-tik ndogo, kama cherehani ya jirani. Nikifika mjini unanyamaza. Hapo nilifanya kitu ambacho ungenishusha garini: niliongeza sauti ya redio. Nilijua, mjomba. Niliogopa tu kujua zaidi. Wiki mbili baadaye cherehani ilikuwa inashona hata gari likiwa limesimama, na redio haikusaidia tena.

Nikampelekea fundi mmoja mjini. Simtaji jina, bado tunasalimiana. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni, hata boneti hakuigusa. Akasema beringi za chini zimekwisha, injini ishushwe, na kwa gari la umri ule hashauri. Habari zilifika kwa wazee kabla mimi sijafika nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumatano. Wakanitumia ujumbe kwamba Jumamosi nilete gari, mnunuzi wa chuma chakavu atakuwepo.

Alhamisi nilikuwa nimeahidi mzigo Lundo, kule ziwani, nikaenda. Nilijiambia ndiyo safari ya mwisho. Niliteremka polepole, kioo wazi, nasikiliza kila kona. Kufika kule akina mama wakasema usipa haujakauka, nisubiri. Nikaegesha karibu na vichanja vya kuanikia, kwenye mchanga ule uliolala sawa kama meza, na sikuwa na la kufanya. Ndipo nikatoa ile bisibisi yako ndefu ya mpini wa mti.

Unakumbuka ulivyokuwa unaniambia, "nyamaza, gari linaongea," hata siku ambazo sijafungua mdomo? Nilinyamaza. Ulinifundisha kuanza na kilicho rahisi, nikaanza na ekzosi. Ikivuja pale inapoungana na injini hulia hivyohivyo, zaidi asubuhi ikiwa baridi, na masizi huonekana kwenye gasketi. Nikapitisha kitambaa, hakuna masizi. Nikaja kwenye nozeli, nikalegeza bomba la dizeli moja baada ya jingine injini ikiwa inaunguruma. Injini ilitetemeka kila mara, lakini mlio haukubadilika hata kidogo. Nikalala chali mchangani, nikagusisha ncha ya bisibisi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mpini sikioni. Beringi ulisema hugonga kwa sauti nzito, kama mtu anatwanga, na ukikanyaga mafuta inazidi. Nilimwomba mama mmoja akanyage mafuta kidogo, akakanyaga sana. Chini palikuwa shwari.

Nikainuka, nikaweka bisibisi juu, kwenye kifuniko cha tapeti, vile vyuma vinavyogonga vali. Mjomba, mlio ulinichoma sikio. Mwembamba na wa haraka. Ni tapeti, si beringi, na yule bwana alikuwa tayari kuizika injini nzima kwa kusikiliza kwa mbali. Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akaniangalia kwa huruma.

Sasa, tapeti hulia kwa mambo mawili, ama nafasi yake imepanuka, ama oili haifiki. Nikazima, nikangoja, nikatoa kijiti. Kikavu. Tone moja tu kwenye ncha. Asubuhi ileile nyumbani kilikuwa kimejaa. Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba nimeibiwa, nikawaangalia watu wa Lundo vibaya, Mungu anisamehe. Nikaingia tena chini ya gari, sikuona dimbwi la oili, ila lile jasho la siku zote kwenye sili ya nyuma. Jasho dogo, lakini miezi saba tangu nilishike ni mingi.

Nilinunua oili dukani palepale, nikaongeza lita tatu ndipo ikafika alama. Nilipowasha, mlio ulianza kupungua kabla sijafunga boneti. Nilipandisha mlima na mzigo wangu bila redio. Ijumaa alfajiri, injini ikiwa baridi, nikafungua kifuniko, nikatoa vile vijibati vyako vyembamba vya kupimia nafasi, nikaenda tapeti moja moja. Mbili zilikuwa zimelegea. Nikazikaza kwa kipimo ulichokiandika kwa kalamu ya risasi ndani ya kisanduku cha spana. Nikawasha. Cherehani haikuwepo.

Nilikuwa nimeshasogeza gari mahali pake pa kulala, pua chini kama kawaida, nikasema niangalie oili kwa mara ya mwisho. Kijiti kikaja na oili vidole viwili juu ya alama ya juu. Oili ileile niliyoipima Lundo. Nilikaa chini kwenye jiwe nikiwa nimekishika.

Huku kwetu kila mwenye gari hulilaza pua chini, ili siku betri ikigoma uachie breki liserereke liwake. Wote tunafanya, na wewe ulifanya. Lakini pua ikiwa chini, oili yote inakimbilia mbele, na kijiti cha gari hili kiko mbele. Miezi saba nilikuwa napima mteremko.

Halafu nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kupima oili nyumbani, hata siku moja; lile swali lako la asubuhi lilikuwa salamu tu. Uliwasha, ukateremka hadi kigangoni, ukasimama katikati ya uwanja wa kanisa, mahali pekee kijijini ambapo unaweza kuweka ndoo ya maji isiiname. Ukazima injini. Ukashuka, ukaenda kwenye makaburi pembeni ya uwanja, kwa mkeo, Mama Kandida. Mimi nilibaki garini nikiangalia upande mwingine, nikimenya muhogo wangu, nikakupa heshima yako. Ukirudi unafungua boneti, unafunga, tunaondoka. Kijiji kizima tulijua boneti ni kisingizio. Tulisema mzee anamlilia mkewe na hataki kuonekana.

Nawe ukazikwa ubavuni pake. Kuanzia hapo sikupita tena pale. Nilichukua njia ya juu, ndefu na mbaya, nikawaambia watu ina abiria wengi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona msalaba wenye jina lako. Nakuambia hivi kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Gari lako lilikaukiwa kwa sababu mimi niliogopa kaburi lako.

Jumamosi nilifika kikaoni nikiendesha mwenyewe. Nikafungua boneti mbele ya wazee, nikaacha injini iungurume, nikawaomba watege sikio. Mmoja aliinama mpaka kofia ikaanguka. Mnunuzi wa chuma chakavu alizunguka gari mara moja, akasema yeye hanunui kitu kinachotembea, akaomba lifti ya kurudi Mbinga. Nilimpeleka. Wazee wamesema watakaa tena kahawa ikiisha, na mimi nitakuwepo. Kosa lilikuwa la nani sikuwaambia.

Jumatatu asubuhi nikateremka kigangoni. Nikasimama katikati ya uwanja, nikazima, nikafungua boneti, nikanyoosha mkono kwenye kijiti, na nikasikia sauti yako kabisa: "acha ishuke kwanza." Dakika kumi, ulisema siku zote, oili ya juu irudi chini, usipime kwa papara. Nikasimama na kitambaa changu mkononi. Dakika kumi ni nyingi mjomba, kama huna pa kwenda. Nikaangalia upande wa makaburi.

Nilikwenda. Nyasi zimewafunika ninyi wawili, nikazing'oa. Nililia, sikujificha, na katekista alipita akajifanya anaangalia kengele. Niliporudi oili ilikuwa katikati ya alama mbili, imetulia.

Sijui kama ulikuwa unakwenda pale kwa ajili ya oili au kwa ajili yake. Nilidhani ni lazima liwe moja. Nitapitia kila siku ya kazi, kabla ya kuanza mlima, gari likiwa langu au wazee wakininyang'anya na nije kwa miguu. Usijipendekeze, nakuja kupima oili. Lakini zile dakika kumi ni zako na Mama Kandida, na hizo sitazipunguza.

Pumzika, mjomba. Na kabla hujauliza: ndiyo, nimepima.

Mpwa wako,
Skola