Dawa Niliyoifungia Sandukuni

Kwako binti yangu mpendwa,

Natanguliza salamu, nikikuarifu kwamba paa limezibwa na kuku wote wapo.

Sina budi kukiri jambo. Ile antibiotiki ya maji uliyomwachia mwanao kwa ajili ya nimonia, uliniagiza niitunze vizuri. Niliifungia katika sanduku la bati, pamoja na vyeti vyangu, katika chumba kile chenye joto, na ufunguo nikaufunga kiunoni. Siku ya nne homa ilirudi. Muuza dawa aliitazama chupa akacheka: "Babu, ulidhani itaibiwa? Hii adui yake ni joto." Alipomgusa mtoto, kicheko kilikatika, akatuelekeza kwa daktari upesi.

Chupa mpya aliyotupa daktari imo katika jokofu la jirani. Kwa kuwa jokofu hilo halina kufuli, nimehamishia kiti changu jikoni kwake. "Mzee, hata kupika sipati nafasi," analalamika. Sibanduki.

Homa haijashuka. Kwa heshima zote, ninaomba uje.

Uniwie radhi kwa mwandiko huu mbaya. Mwanao amelala kwenye mkono wangu wa kulia, nami ninaandika kwa wa kushoto.

Ni mimi, baba yako.