Mchimbaji Aliyetabiriwa Kuacha Dawa

Mpendwa Limi,

Marahaba, mjukuu wangu. Hapa Ngokolo tu wazima. Shangazi yako amevuna mpunga, na goti la bibi yako sasa linamtii.

Unauliza kama kompyuta mnayoifundisha huko chuoni inaweza kweli kutabiri mgonjwa wa kifua kikuu atakayeacha dawa. Nadhani inaweza. Ujanani nikipima makohozi katika zahanati moja huko Geita, nesi wetu alitabiri mbele yangu.

Mchimbaji aitwaye Masanja alidhani anakohoa tu vumbi la duarani, yaani la shimo la dhahabu. Nilipoona vijidudu kwenye hadubini, nesi alimuuliza, "Ukisikia kuna duara linatema dhahabu kwingine, utabaki hapa?"

"Nibaki na nani, Sista? Kambi nzima itahama."

"Huyu ataacha dawa," nesi akaniambia. Nilidhani amekata tamaa, lakini alimgeukia tena Masanja. "Nani anawapikia?"

"Mama Kulwa. Tukihama, naye anabeba masufuria yake."

Nesi akamwita Mama Kulwa, akamfundisha namna ya kumpa dawa, akamkabidhi. Mama huyo akamtazama Masanja. "Usipomeza, utaishia kunusa ugali wangu."

Kambi ilihama kabla ya mvua. Masanja aliporudi kupimwa, nilitafuta vijidudu kioo kizima, nikavikosa.

Sasa mimi nina hamu ya kujua: kompyuta yenu ikishasema "huyu ataacha", nani huko kwenu anamuuliza mgonjwa anakula kwa nani?

Niandikie, hata kwa kifupi.

Babu yako